Thurea na Kilimia: Uhakiki wa Taa za Kale za Kuning'inia Nyumbani

Uhakiki katika lugha yetu umezoea kukaa na mashairi. Twapima vina na mizani, twauliza maana ya neno la Kiamu au la Kimvita, twagombana juu ya tarehe ya tungo. Na hayo yote ni mema. Lakini pambo la nyumba nalo ni kazi ya uteuzi, na kila uteuzi waweza kuulizwa sababu yake. Mtu anunuaye taa ya kale ya kuning'inia, akaiweka katikati ya sebule yake, ametoa hukumu juu ya uzuri, juu ya zamani, na juu ya wageni wake, hata kama mwenyewe hakudhani kuwa ametoa hukumu yo yote. Makala haya yajaribu kuipima hukumu hiyo. Nawaandikia wanafunzi wa lugha na fasihi, kwa kuwa naona kanuni za kuchagua taa ya kale ni jamaa ya kanuni za kusoma tungo ya kale, na mtu ashindwaye na moja aghalabu hushindwa na ya pili.

Tuanze na majina, maana jina la kitu mara nyingi hubeba nusu ya ujuzi wake. Koroboi, au kibatari, ni kitaa cha kopo chenye utambi usiokingwa na kitu. Taa ya chemni ina bomba la kioo la kuutuliza mwali. Kandili na fanusi zina kioo cha kuukinga mwali na upepo. Zaweza kuchukuliwa mkononi au kuangikwa. Karabai hutiwa pumzi kwa pampu, na nuru yake ni kali. Thurea ndiyo taa ya matawi mengi iangikwayo darini, yenye mishumaa au balbu katika kila tawi, na mara nyingi yenye vipande vya kioo vinavyoning'inia. Madukani siku hizi huitwa "shandelia", jina lililopitia Kiingereza kutoka Kifaransa, ambako asili yake ni mshumaa. Neno thurea lina habari zaidi. Katika Kiarabu neno hilo ni jina la taa, na pia ni jina la lile fungu la nyota ambalo sisi twaliita kilimia, nyota ambazo wakulima wetu walizitazama ili kujua majira ya kulima.

Jina hilo si la kupuuzwa. Aliyeiita taa kwa jina la kilimia alikuwa ameona mambo mawili. Aliona kwamba ni vimulimuli vingi vidogo vilivyokusanyika, wala hapana kimoja kati yao kinachoumiza jicho. Tena alijua kwamba kilimia hakionekani mchana. Fungu lile la nyota ladai usiku ulio mweusi. Usiku ukififia, nalo hufifia. Mwenye kulikumbuka neno thurea amekwisha pata kanuni ya kwanza ya kuichagua: taa hii yahitaji giza la kuizunguka. Mwenye kusema "shandelia" tu hana budi kuitafuta kanuni hiyo kwa njia nyingine, na wengi hawaitafuti.

Katika fasihi yetu, mahali panapojulikana zaidi ambapo taa za nyumba zimepewa kazi ya kufanya ni utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ambao William Hichens aliuchapisha London mwaka 1939. Mshairi auonya moyo wake kwa kuuonyesha mji wa Pate jinsi ulivyokuwa na jinsi ulivyokwisha. Katika sehemu ya utajiri atuingiza ndani ya nyumba za mabwana, na moja katika mambo atuonyeshayo humo ni taa: taa za kioo safi na taa za shaba, zilizoufanya usiku ufanane na mchana. Ndipo afikapo kwenye vyombo vya China, na hapo hasahau kusema kwamba vyombo hivyo viliteuliwa. Baadaye, nyumba zikiisha kuwa magofu, buibui ametanda, ndege wamelala katika vidaka vilivyokuwa na sahani, na juu wamening'inia makinda ya popo.

Wasomaji wengi huipita beti hiyo ya popo kama picha moja miongoni mwa picha nyingi za uharibifu. Mimi naona imepangwa kwa makini zaidi. Katika vidaka palikuwa na sahani, sasa pana ndege. Hilo mshairi mwenyewe alisema wazi. Juu palikuwa na nini hata sasa pawe na popo? Mshairi hasemi taa ziliangikwa wapi, wala sitamlazimisha aseme. Lakini nyumba iliyong'aa usiku kama mchana haikung'azwa na vitaa vya sakafuni peke yake. Na msomaji aliyekwisha kuinuliwa macho na nuru ile, akiyainua tena, akuta kitu cheusi kinachoning'inia. Nuru imeondoka, na kiumbe apendaye giza ameshika nafasi ya juu. Ikiwa usomaji huu wakubalika, basi taa katika Al-Inkishafi zasimama mahali pakubwa kuliko orodha ya mali: ndizo kipimo cha uhai wa nyumba.

Hapa pana mabishano ya kweli. Wako wausomao utenzi huu kama hukumu dhidi ya anasa, na kwao taa ya kioo ni ubatili tu, jana na leo. Wako wengine, hasa wapenzi wa vitu vya kale, waichukuao ile sehemu ya kwanza peke yake, wakauona utenzi kuwa ushahidi wa fahari ya Pwani. Na kwao kila taa ya zamani ni njema kwa kuwa ni ya zamani. Makundi yote mawili yamekosa jambo moja. Mshairi hakuzilaani taa. Alizitaja kwa ulimi wa mtu aliyezipenda, na pasipo mapenzi hayo maombolezo yake yasingekuwa na uzito. Wala hakuzisifu kwa umri wake. Alizitaja pamoja na watu: mabwana waliotembea kwa madaha, mikutano yao, kicheko chao. Watu walipokwisha, taa nazo zikatoweka katika shairi. Basi kwake yeye taa ilikuwa na thamani kwa kadiri ya watu waliokaa chini yake. Hiyo ndiyo kanuni ya pili, nami naishika: taa ihukumiwe kwa wale inaowaangaza.

Ili kanuni hizi zisibaki maneno matupu, hapana budi tujue taa hizi zilifanyaje kazi. Mwali wa mshumaa mmoja hutoa nuru ya kadiri ya lumeni 12. Balbu ya kizamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. Thurea ya matawi 12 ya mishumaa, basi, ilitoa nuru isiyotimia hata robo ya balbu moja ya siku hizi. Huo ulikuwa ni umaskini wa nuru, na uzuri wote wa thurea ya kale umezaliwa na umaskini huo. Fundi alikuwa na mwali mdogo, naye akatafuta hila ya kuuongeza: akauzungushia vipande vya kioo vyenye nyuso nyingi, kila uso ukauvunja mwali na kuutupa upande mwingine, hata macho yakadhani kwamba miali ni mamia. Kwa sababu hiyo kioo chenyewe kilitafutwa kwa bidii. Venice ilikwisha kuwakusanya mafundi wake wa kioo katika kisiwa cha Murano tangu mwaka 1291. Mwaka 1674 George Ravenscroft alipata hati ya kumlindia ugunduzi wake huko Uingereza, na kioo chake, baada ya kutiwa madini ya risasi, kikawa kizito, chepesi kuchongwa, na chenye kuvunja nuru vizuri kuliko kioo cha kawaida. Bohemia, katika nchi ya Ucheki ya leo, ikasifika kwa kioo chake na kwa wachongaji wake. Vile vipande vinavyolia vikigusana, ambavyo leo twaviona kuwa mapambo tu, vilikuwa na kazi kama ya jembe au ya kasia.

Sasa tazama lifanyikalo katika nyumba nyingi. Mtu anunua thurea ya kale ya matawi 12, atia katika kila tawi balbu yenye nguvu ya wati 60 za zamani, na kuiwasha. Amepata lumeni zaidi ya 9,000, yaani zaidi ya mara 60 ya nuru ambayo chombo kile kiliundwa kuibeba. Kioo kilichoundwa kuusaidia mwali mnyonge sasa chapigwa na nuru isiyohitaji msaada. Nyuso zake hazimeti tena, zachoma. Wageni wafinya macho, kivuli cha kila mtu chaanguka kikali ukutani, na mwenye nyumba ashangaa kwa nini chombo kilichokuwa kizuri dukani kimekuwa kero nyumbani. Kosa si la chombo. Amekisoma kama mtu asomaye wimbo wa kubembeleza mtoto kwa sauti ya mpiga mbiu.

Umeme, tangu Edison na Swan walipoipata balbu ya kutumika katika miaka ya 1878 na 1879, uliibadilisha taa kwa namna nyingine pia, nayo yafaa kujulikana na kila mnunuzi. Mwali hupanda juu. Kwa hiyo taa ya mshumaa, ya mafuta au ya gesi ilielekea juu siku zote, na kivuli chake kikaanguka chini, mahali hasa ambapo mtu huitaka nuru. Balbu haina juu wala chini. Ndipo mafundi walipoweza kuigeuza taa kifudifudi, ikawa kama ua lililoinamia meza. Mwenye kulijua hilo aweza kulisoma umbo la taa kama asomavyo lahaja ya tungo. Matawi yaliyoinuka na yenye visahani vya kupokea nta yasema mshumaa. Matawi matupu ndani, yenye vibomba na vifungulio vidogo, yasema gesi. Vikombe vilivyoinama vyasema umeme. Na ikiwa visahani vya nta vipo, lakini mishumaa yenyewe ni ya plastiki iliyochorewa matone, basi chombo hicho chaiga lugha kisiyoijua.

Katika karne ya 20 watu wawili, mmoja wa Mashariki na mmoja wa Magharibi, waliona kwamba nuru nyingi imeleta hasara, wakajibu kila mmoja kwa njia yake. Jun'ichirō Tanizaki, mwandishi wa riwaya wa Japani, alichapisha mwaka 1933 insha yake mashuhuri ya kusifu vivuli. Humo aonyesha taabu ya mtu ajengaye nyumba ya Kijapani huku akitaka kuzificha nyaya za umeme, na kwamba vyombo vilivyopakwa sandarusi ya Kijapani vilifanyiwa giza la mshumaa, wala katika nuru kali havionekani ila kwa ubaya. Hoja hiyo ni kweli, na ni jamaa ya hoja yangu. Lakini Tanizaki aandika kama mtu aagaye. Ajua kwamba giza lake halitarudi. Poul Henningsen wa Denmark alichukua njia ya pili. Alikuwa msanifu wa majengo na pia mhakiki aliyehariri jarida lake mwenyewe katika miaka ya 1926 hadi 1928. Alikulia kwenye nuru ya taa za mafuta, hakuona sababu ya umeme kuwa katili kuliko hizo. Mwaka 1926 alitoa taa ya kuning'inia yenye kofia tatu zilizopangwa kwa hesabu, hata mtu aketiye mezani asiweze kuiona balbu yenyewe, ila nuru yake iliyokwisha kutua juu ya kofia. Mwaka 1958 akatoa nyingine iliyoitwa PH 5, kwa kuwa kofia yake kubwa ina upana wa sentimita 50. Taa hizo za Henningsen leo nazo zimekuwa za kale na hutafutwa sana. Nazitaja kwa sababu zatoa ushahidi kwamba upole wa nuru si mali ya mishumaa peke yake, na kwamba taa isiyo na kipande hata kimoja cha kioo kinachometa yaweza kuwa na adabu kuliko thurea ya jumba la mfalme.

Baada ya nuru, chumba. Wauzaji wana kanuni yao: jumlisha urefu na upana wa chumba kwa futi, na jumla hiyo uihesabu kuwa inchi, hicho ndicho kipenyo cha taa. Chumba cha futi 12 kwa 14 chataka taa ya inchi 26. Tena husema kwamba palipo na njia ya watu, ncha ya chini ya taa iwe futi 7 kutoka sakafuni au zaidi. Na juu ya meza ya kulia iachwe nafasi ya inchi 30 hadi 36. Vipimo vya kimo ni vya busara, nami sina ugomvi navyo. Kipimo cha kipenyo hakifai kila mahali, maana kimefikiri chumba kilicho karibu na mraba. Nyumba za kale za mawe za Lamu hazina vyumba vya namna hiyo. Dari zake zimebebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti haukuruhusu upana wa zaidi ya mita 2 na nusu hadi 3 hivi. Kwa hiyo vyumba ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine kutoka kiwanda cha wazi, misana kwanza, kisha ndani, na kila uendavyo nyuma ndivyo nuru ya jua ipunguavyo. Chukua chumba cha futi 10 kwa 30. Kanuni ya wauzaji yakupa taa ya inchi 40, yaani theluthi moja nzima ya upana wa chumba. Taa hiyo itakizuia chumba kama jahazi lililoingia katika mfereji.

Chumba cha namna hiyo chataka safu ya kandili ndogo, mbili au tatu, zikiandamana na urefu wake, ili jicho liongozwe kutoka msana hadi ndani. Ukuta wake wa chokaa nyeupe iliyosuguliwa, pamoja na vidaka vyake, utafanya kazi ambayo katika jumba la Ulaya ilifanywa na vioo vya thurea: utaipokea nuru kidogo na kuirudisha nyingi. Fundi wa Lamu na fundi wa Bohemia walikuwa na shida moja, uchache wa nuru. Mmoja alijibu kwa kuichonga taa, na mwingine kwa kuuchonga ukuta. Mwenye kuyaweka majibu yote mawili katika chumba kimoja kidogo amejibu swali moja mara mbili. Na sebule ya nyumba za leo za mjini, ambayo dari yake mara nyingi haizidi futi 9, yataka uangalifu wa namna yake. Thurea yenye kimo cha futi 3 ikiangikwa humo yabakiza futi 6 chini yake, na mgeni mrefu atapiga kichwa. Hapo kandili moja nzuri ya shaba, au taa moja ya kofia juu ya meza, itafanya heshima zaidi.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami naona msemo huo wafaa katika jambo la ukweli wa chombo. Soko la vitu vya kale limejaa vitu vipya vilivyozeeshwa. Mnunuzi aichukue sumaku: shaba ya kweli haivutwi nayo, lakini chuma kilichopakwa rangi ya shaba huvutwa. Apitishe kidole katika kingo za kioo: kioo kilichochongwa kina kingo kali, na kilichomiminwa katika kalibu kina kingo za mviringo, pengine na alama ya mshono. Atazame vijishikizo: waya uliobeba kioo kwa miaka mingi huonyesha dalili za kusuguana mahali panapogusana. Azitazame nyaya za umeme kwa hofu ya haki, kwa kuwa zile za kale zilivikwa mpira na nguo ambavyo hukauka na kupasuka. Zibadilishwe zote na fundi mwenye ujuzi kabla taa haijawashwa, hasa ikiwa taa yatoka Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni wa volti 120, na sisi twatumia 230 au 240. Mwisho, taa nzito iangikwe kwenye boriti au kwenye zege, kamwe isiachiwe lipu ya chokaa. Kwa nuru, atie balbu za LED zenye nguvu ndogo na rangi ya joto, ya kelvini 2,700 au chini yake. Zile nyeupe za kelvini 6,500, zilizoenea sana katika nyumba zetu, zaifanya shaba ionekane kama bati na uso wa mtu kama wa mgonjwa.

Msomaji wa mashairi atautambua ugonjwa huu wa kuzeesha vitu. Yuko mshairi wa leo atafutaye maneno ya Kiamu cha zamani katika kamusi, akayapachika katika beti zake ili zinuke ukale, bila ya kuujua mwali uliokuwa ndani yake. Neno la kale lililotumiwa kwa maana yake ni kama kandili iliyosafishwa na kutiwa balbu ndogo: laendelea na kazi. Neno la kale lililopachikwa kwa fahari ni mshumaa wa plastiki wenye matone ya kuchorwa. Wala tusidanganyike na upande wa pili, kwamba kipya ndicho kizuri. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mapenzi ya kipya yamezitupa jalalani kandili nyingi ambazo leo zanunuliwa kwa bei kubwa na wageni.

Hapo twaingia katika jambo lililo zito kuliko uzuri. Taa ya kale haitoki mbinguni. Imetoka katika nyumba fulani. Huenda iliuzwa na wenyewe kwa hiari, na huenda iling'olewa katika gofu au katika nyumba ya warithi waliokuwa na dhiki. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho ya taifa na urithi yakihesabu kuwa cha kale chombo cho chote kinachochukulika kilichofanywa Kenya au kuingizwa humo kabla ya mwaka 1895, isipokuwa vitabu na hati, na yakataza kukitoa nchini bila ya kibali. Angalia maneno "au kuingizwa". Taa iliyofanywa Ulaya au Bara Hindi na kuletwa Lamu kabla ya mwaka huo ni urithi wa Lamu. Naona sheria hapo imefahamu jambo ambalo wahakiki wengi hawajalifahamu: kitu huwa chetu kwa kukaa kwetu na kukitumia, kama vile neno thurea lilivyokuwa letu.

Mnunuzi na aulize, basi, taa imetoka wapi. Na jibu alipokee kwa hadhari, maana hadithi za taa huwa tamu kuliko hati zake. Katika jumba la Dolmabahçe mjini Istanbul, lililokamilika mwaka 1856, iko thurea ya kioo yenye uzito wa tani 4 na nusu na taa 750. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba ni zawadi ya Malkia Victoria. Mwaka 2006 ikaonekana stakabadhi iliyoonyesha kwamba Waturuki waliilipia bei yake yote. Ikiwa jumba la masultani lilidanganywa na hadithi kwa muda wote huo, sembuse sisi katika duka la mtaani.

Najua yako maswali ya kuulizwa. Je, si aibu kushughulika na thurea katika nchi ambazo watu wengi walisoma, na wengine wangali wanasoma, kwa koroboi? Swali hilo ni la haki, nami silikwepi. Koroboi halikuwa na uzuri wa kusifiwa. Moshi wake uliumiza vifua na mwali wake uliunguza nyumba, na mtu asije akaliangika sebuleni leo akaliita pambo la asili. Lakini umaskini wa nuru ndio uliomfunza fundi wa zamani kuuheshimu kila mwali, na mtu aliyesoma kwa koroboi aijua heshima hiyo kuliko mnunuzi ye yote. Lisilo na heshima ni kuwasha lumeni 9,000 ili jirani aone. Na taa njema si lazima iwe ghali. Kandili ya shaba iliyokuwa stoo kwa bibi, ikisuguliwa kwa ndimu na majivu, ikatiwa waya mpya na kuangikwa mahali pake, yatimiza kanuni zote nilizozitaja.

Kanuni zenyewe ni chache. Ujue taa iliundiwa mwali gani, nawe uipe nuru iliyo karibu na huo. Ukisome chumba kabla ya kuisoma taa. Ukatae kinachoigiza, hata kikiwa rahisi. Uulize kilikotoka, wala usinunue kilichoibwa. Kisha, ukiisha kuiangika, usiitazame taa. Waite watu wakae chini yake, uzitazame nyuso zao. Wakionana vizuri na kuzungumza bila ya kufinya macho, umechagua vema, iwe thurea au iwe kandili moja ya shaba.